Kuchimba mifereji ya bomba kwenye ubao wa sakafu ya joto: mwongozo kutoka karakana ya Mtwara

Mtu wa Mtwara ukimwambia habari za kupasha sakafu joto atakutazama mara mbili. Mwezi wa kumi na mbili, korosho zikiwa ghalani na jua likiwa utosini, sisi tunatafuta ubaridi kwa tochi. Sakafu za namna hii ni mambo ya nchi za theluji. Huko hupitisha maji ya moto kwenye bomba lililolazwa chini ya sakafu, na viwanda vyao huuza mbao zilizokwisha kuchimbwa mifereji ya kulaza bomba hilo. Wakorea walianza zamani sana kwa kupitisha moshi wa jiko chini ya sakafu ya chumba.

Ila yuko kiumbe mmoja hapa kwetu anayeihitaji sakafu hiyo kuliko Mzungu yeyote, naye ni kifaranga wa siku moja. Wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 hadi 35 za Selisiasi usiku na mchana, kwa sababu manyoya ya kumlinda bado hayajaota. Mwezi wa saba, upepo wa kusi ukivuma, usiku wa mjini Mtwara hushuka hadi karibu nyuzi 19, na ukipanda Newala kwenye uwanda wa Makonde utajifunika blanketi.

Mama yangu mdogo anafuga huko Newala. Mwaka juzi jiko lake la mkaa lilizimika alfajiri ndani ya kinengunengu, yaani boma dogo la kulelea vifaranga. Vifaranga wakarundikana kona moja kutafuta joto, na wa chini wakakosa pumzi. Asubuhi alihesabu arobaini na tatu. Akanipigia simu: "Mwanangu, mimi sitaki tena jiko humu ndani. Wewe si fundi? Nitafutie njia." Nikamwambia, "Sawa mama, nipe wiki mbili." Zilikuwa tano. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyojifunza katika wiki hizo tano na katika mbao nne nilizotengeneza baadaye kwa wafugaji wengine, ili wewe usirudie makosa yangu.

Nitakaa zaidi kwenye mfereji wenyewe, yaani gruvu kama tunavyosema karakanani. Pampu na pipa la maji ya moto mtu yeyote atakuungia. Mfereji ukikosewa, kila kitu kinachofuata ni hasara.

Kwa nini mfereji ndio kazi yenyewe

Joto linatoka kwenye maji, linapita ukuta wa bomba, linaingia kwenye bati la aluminiamu lililo juu ya ubao, na bati linalitandaza hadi kwenye miguu ya kifaranga. Katika safari hiyo adui ni hewa. Bomba likizama milimita mbili chini ya bati, zile milimita mbili za hewa ni kama blanketi. Maji yatarudi kwenye pipa na joto lake, na sakafu itabaki vuguvugu. Bomba likichomoza nalo linainua bati, na pembeni yake pande zote mbili hewa inaingia. Kwa hiyo tunatafuta mgongo wa bomba uguse bati kutoka mwanzo hadi mwisho, kwenye mistari iliyonyooka na kwenye mikunjo pia.

Bomba kwanza, biti baadaye

Rauta ni mashine ya mkono ya kuchimbia mifereji kwenye mbao, na biti ni kisu chake kinachozunguka. Wengi hununua biti ya rauta kisha ndipo watafute bomba. Anza na bomba. Ninalotumia ni la tabaka tatu, plastiki mbili na aluminiamu katikati, lenye kipenyo cha nje cha milimita 16. Linauzwa kwa wauza vifaa vya maji kwa jina la PEX. Linastahimili maji ya moto, linapindika kwa mkono, na likishapindwa halirudi lilikotoka. Lile bomba jeusi la kuvutia maji shambani usilitumie, maana maji ya moto hulilegeza. Bomba la PPR linavumilia joto lakini halipindiki, na ukilitumia utajaza ubao viungio. Sheria yangu ni kwamba ndani ya ubao hakiingii kiungio hata kimoja. Bomba ni moja, zima, kutoka mlango wa kuingilia hadi wa kutokea.

Ukiwa na fundi wa viyoyozi jirani, bomba laini la shaba la nusu inchi nalo linafaa. Kipenyo chake cha nje ni milimita 12.7, kwa hiyo biti itakuwa ya nusu inchi na vina vyote nitakavyotaja vitapungua kulingana na kipenyo hicho.

Kata kipande cha bomba cha urefu wa kiganja, kipime kwa kalipa, kisha kiweke mfukoni. Kipande hicho ndicho kitakuwa mizani yako hadi mwisho wa kazi. Biti inayotakiwa ni yenye ncha ya duara na kipenyo cha milimita 16, ili kitako cha mfereji kifanane na tumbo la bomba. Biti ya ncha bapa inachimba haraka zaidi, ila inaacha pembe mbili za hewa chini ya bomba.

Ubao

Ninatumia plaiwudi nzima ya milimita 1220 kwa 2440, unene wa milimita 18, iliyogandishwa juu ya nyingine ya milimita 12. Mfereji una kina cha milimita 16, na kwenye ubao wa 18 peke yake zingebaki milimita mbili tu, ambazo hazibebi kitu. Zikiungana unapata unene wa 30, na hata mfugaji akikanyaga ndani kusafisha hakuna kinachovunjika. MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, usiiguse. Ni tamu kuichimba, lakini maji ya kifaranga mmoja tu aliyeangusha kinyweshea yataivimbisha kama andazi.

Plaiwudi yenyewe uijaribu kabla ya kuilipia nyingi. Mimi niliuziwa shuka mbili nikiambiwa haziogopi maji, na wiki ya pili zikaanza kuachana matabaka. Siku hizi naomba kipande kidogo, nakichemsha sufuriani saa moja, nakiacha kikauke. Matabaka yakibaki yameshikana, nanunua. Yakifunguka, naenda duka lingine.

Paka gundi ya mbao isiyoogopa maji upande wote, bana kwa klampu pembeni na weka mifuko ya saruji katikati usiku kucha. Skrubu utazipiga kutokea chini, zisizidi milimita 25, na utazipiga baada ya kuchora mistari, katikati kabisa kati ya mstari na mstari. Biti ikikutana na skrubu kwa kasi ile, jino linaruka, na linaweza kuruka kuelekea usoni mwako.

Kuchora

Umbali kati ya mstari na mstari ni milimita 200. Sababu ni mkunjo. Bomba la 16 halipendi kupindwa chini ya mara tano ya kipenyo chake, yaani nusu kipenyo cha mkunjo kisipungue milimita 80, la sivyo linavunjika mbavu na kuziba. Mistari ikiwa mbali 200, mkunjo unapata nusu kipenyo cha 100, na bomba linapinda bila kulalamika. Ukitaka kubana mistari hadi 150, lazima mkunjo uuvimbishe kama balbu ya taa, utoke nje kidogo kabla ya kurudi ndani. Viwandani hufanya hivyo. Kwa ubao wa vifaranga haina haja.

Pima kutoka ukingo mrefu na uweke alama kwenye 110, 310, 510, 710, 910 na 1110. Utabakiwa na 110 upande wa pili, ndipo ujue hesabu imekaa. Piga mistari sita kwa kamba ya chaki. Sasa kwa upande wa upana, piga mstari milimita 210 kutoka kila mwisho wa ubao. Hapo ndipo mistari iliyonyooka inaishia na mikunjo inaanza.

Mwisho wa mbali utakuwa na mikunjo mitatu: mstari wa kwanza na wa pili, wa tatu na wa nne, wa tano na wa sita. Vitovu vyake viko kwenye 210, 610 na 1010. Mwisho wa karibu una mikunjo miwili: wa pili na wa tatu, wa nne na wa tano, vitovu kwenye 410 na 810. Mstari wa kwanza na wa sita haukunjwi mwisho huo, unatoka moja kwa moja hadi ukingoni. Huko ndiko bomba litakakoingia na kutokea. Chora mikunjo yote kwa bikari, kisha fuata njia nzima kwa kidole, kutoka unapoingia hadi unapotoka, bila kuinua. Kidole kikikwama, umekosea kwenye kalamu, na kalamu inafutika.

Bomba litakalolala ndani ni kama mita 14. Nunua roli la mita 20 ili mikia miwili ifike kwenye pipa.

Kuiandaa rauta

Rauta iwe ya kuzamisha, ile ambayo kichwa kinashuka na kupanda juu ya chemchemi, na ikiwezekana yenye tundu la biti za shina la nusu inchi. Shina la robo inchi kwenye biti ya milimita 16 linatetemeka.

Hapa ndipo ubao wangu wa kwanza ulipoharibikia, kwa hiyo nisikilize. Nilisukuma biti hadi ikagonga mwisho wa tundu, nikakaza. Nilichimba mstari wa kwanza vizuri, wa pili vizuri. Wa tatu nikaona maranda yanatoka mengi kuliko kawaida. Nikaweka kipande changu cha bomba, kikazama chote. Biti ilikuwa inatambaa kushuka kidogo kidogo, na kina kilikuwa kimetoka 16 hadi 19. Biti inayogonga mwisho haibanwi sawasawa, kwa sababu tundu linapokazwa hujivuta ndani kidogo na shina halina pa kwenda. Isukume hadi mwisho, kisha irudishe milimita mbili au tatu, ndipo ukaze. Tundu lenyewe ulifute vumbi na utomvu kwa kitambaa kikavu kila unapobadilisha biti. Tangu siku ile napima kina mwisho wa kila mstari, si mwisho wa ubao.

Kina cha 16 hakichimbwi kwa mkupuo. Chimba 6, kisha 6 nyingine, kisha 4. Mkupuo wa mwisho mwembamba ndio unaoacha ukuta laini. Kasi iwe ya katikati, karibu mizunguko 16,000 kwa dakika kama mashine yako inarekebishika. Mbao ikianza kunuka moshi na ukuta kuwa na rangi ya kahawia, unaikokota mashine polepole mno au biti imekwisha makali.

Miwani, barakoa na vizibio vya masikio si mapambo. Vumbi la plaiwudi lina gundi ndani yake, na linaingia kifuani. Mimi nachimbia nje chini ya mwembe, upepo wa bahari ukinipitia mgongoni, na watoto wakae mbali.

Mistari iliyonyooka

Tafuta ubao wa kuongozea ulionyooka, mrefu kuliko shuka. Mninga uliopigwa randa vizuri hauyumbi. Sasa unahitaji namba moja: umbali kutoka katikati ya biti hadi ukingo wa kitako cha rauta. Usiipate kwa rula juu ya mashine. Chimba mfereji mfupi kwenye kipande cha mbao taka ukifuata ubao wa kuongozea, kisha pima kutoka ubao huo hadi katikati ya mfereji. Yangu ilitoka 76. Kitako cha rauta nyingi hakikai katikati kamili, kwa hiyo weka alama ya rangi kwenye kitako na alama hiyo ndiyo iguse ubao wa kuongozea siku zote.

Bana ubao wa kuongozea milimita 76 kutoka mstari, upande wa kushoto wa njia utakayoisukumia mashine. Huu upande una maana. Biti inazunguka kuelekea kulia ukiitazama kutoka juu, na mbao inaisukuma mashine kwenda kushoto. Ubao ukiwa kushoto, mashine inajibana yenyewe kwenye ubao na mfereji unanyooka. Ubao ukiwa kulia, mashine inaukimbia, na mkono wako hautaweza kuizuia kwa mita mbili nzima.

Washa, acha ishike kasi, zamisha kwenye mstari wa 210, kisha sukuma kwa mwendo mmoja wa kutembea taratibu. Usisimame katikati, maana unaposimama biti inachoma na kupanua. Ukifika mwisho inua kichwa kwanza, ndipo uzime. Rudi mwanzo na urudie kwa kina cha pili na cha tatu bila kugusa ubao wa kuongozea. Mstari wa kwanza na wa sita uutoe hadi ukingoni, na pale ukingoni bana kipande cha mbao taka ili plaiwudi isichanike inapotokea biti.

Mikunjo

Tengeneza mkono wa bikari. Ni kipande cha plaiwudi ya milimita 6, upana wa 150 na urefu wa 400, unachokifunga mahali pa kitako cha plastiki cha rauta kwa skrubu zilezile. Toboa tundu la biti kupita, kisha toboa kitundu cha milimita 3 umbali wa 100 kamili kutoka katikati ya biti. Kitundu hicho kitakaa kwenye msumari uliokatwa kichwa, uliopigwa kwenye kitovu cha mkunjo.

Umekwisha badilisha unene wa kitako, kwa hiyo kina ulichokipanga mwanzo si chako tena. Kipange upya kwenye mbao taka na ukipime kwa kile kipande cha mfukoni. Nimeona fundi mzuri kabisa akisahau hatua hii, mikunjo mitano yote ikatoka na kina cha 18.

Weka biti juu ya mwisho wa mfereji ulionyooka, mahali ambapo tayari pana uwazi. Washa, acha ishike kasi, zamisha, kisha zungusha mkono polepole kinyume cha mwendo wa saa hadi uingie kwenye mfereji wa pili. Kina ni 6, 6, 4 kama kawaida. Mahali pa makutano patakuwa na kijino kidogo, karibu nusu milimita. Kiondoe kwa patasi ya duara au msasa uliozungushwa kwenye kipande cha bomba. Matundu ya misumari uyazibe kwa unga wa mbao na gundi.

Pale njia inapolazimika kukwepa kitu

Ubao wa tatu niliutengeneza kwa banda la Mikindani lenye nguzo iliyopita katikati ya sakafu. Mstari wa nne ulikuwa unagonga nguzo hasa. Kazi kama hii haipatikani kwenye mbao za kiwandani, na ndiyo sababu ya kujua kuchimba mwenyewe.

Nilipiga misumari midogo kuzunguka nguzo nikiacha milimita 60 za usalama, nikapinda fito jembamba la mwanzi kuifuata misumari hadi likachora mpindo mpole, unaoondoka kwenye mstari taratibu na kurudi taratibu. Nikafuata fito kwa kalamu juu ya plaiwudi ya milimita 9, nikaikata kwa msumeno wa kupinda, nikaipiga msasa mpaka kidole hakihisi kona. Hicho ndicho kigezo. Kinabanwa juu ya ubao kikiwa kimesogezwa zile 76 kutoka njia ya bomba, na kitako cha rauta kinakisugua kikitembea. Kumbuka kwamba mpindo unaochongwa kwenye kigezo haulingani na mpindo utakaotoka chini. Upande wa ndani unabana, upande wa nje unapanuka. Kwa hiyo chimba kwanza milimita 2 tu, weka bomba juu yake na utazame kama linakubali. Ukishaenda 16 hakuna kurudi.

Na kama mstari jirani umesogelewa chini ya 120, usiogope, joto litazidi kidogo hapo na kifaranga atachagua pa kulala. La kuogopa ni mkunjo mkali.

Mizani

Fagia, puliza, kisha pitisha kipande cha bomba kwenye mfereji wote kama gari la mtoto. Kila nusu mita simama na uweke rula ya chuma kukingama mfereji. Rula ikilala kwenye mbao zote mbili na kuubusu mgongo wa bomba, umefika. Ikicheza kama pembea, bomba limechomoza, rudisha rauta na ushushe nusu milimita. Mwanga ukipita kati ya rula na bomba, umezidisha. Mimi naubandika ukanda wa bati la aluminiamu kitakoni mwa mfereji hadi bomba linyanyuke linapotakiwa. Kazi hii inachukua saa nzima, na ni saa bora kuliko zote.

Kisha ziba mbao. Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, na ukuta wa mfereji ni matabaka yaliyoachwa uchi. Paka vanishi mikono miwili ndani ya mifereji na kwenye kingo, na uache ikauke vizuri kati ya mkono na mkono. Usiipake nene, vanishi nene hula nafasi ya bomba.

Kulaza bomba na bati

Litandaze roli juani asubuhi hadi saa sita. Jua la Mtwara linalilainisha na kulinyoosha. Anza mstari wa kwanza, bonyeza kwa kiganja, na kwenye mkunjo tumia vidole gumba viwili ukisogea kidogo kidogo. Weka tone la silikoni kila baada ya nusu mita kulishikilia. Likichomoka mahali, weka uzito juu hadi silikoni ikamate.

Kabla ya kufunika, jaza maji na uliunge kwenye tangi la juu la nyumba, uliache usiku kucha. Tandika karatasi kavu chini ya mikia. Asubuhi karatasi ikiwa kavu, endelea.

Juu yake laza bati bapa la aluminiamu la nusu milimita, lililofungwa kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu, ukipitisha katikati ya mistari. Hapa zile alama za kalamu zitakuokoa, kwa hiyo ziandike pia ukingoni kabla ya bati kuzifunika. Juu ya bati weka zulia la plastiki, kwa sababu mavi ya kuku yana amonia na amonia inakula aluminiamu. Chini ya ubao wote weka povu gumu la milimita 50, au sanduku lililojazwa pumba za mpunga kavu. Bila hivyo utaupasha udongo wa Newala joto bure.

Maji

Nilijaribu kwanza bila pampu, nikitumaini maji ya moto yatajizungusha yenyewe. Mita mbili za kwanza zilikuwa vuguvugu, zilizobaki baridi. Bomba jembamba lenye mikunjo mitano linameza nguvu yote ya mzunguko huo. Weka pampu ndogo ya volti 12 inayokubali maji ya moto, chini ya usawa wa maji ya pipa, kwenye bomba linalorudi ambako maji yamepoa. Inahitaji kusukuma lita moja na kidogo tu kwa dakika. Pampu ya wati 10 inayofanya kazi saa 10 inakula wati-saa 100, na betri ya volti 12 yenye amp-saa 18 inayochajiwa na sola inaibeba ikibakiwa na karibu nusu.

Pipa la lita 200 lililovikwa sanduku la maranda, likiwa na nyuzi 60 jioni, linapoteza nyuzi kama 18 kufika asubuhi kwa ubao huu. Maana yake alfajiri lina nyuzi 42, ambazo bado zinatosha. Kifuniko kikae bila kukazwa ili mvuke upate njia. Jiko liwe nje, mbali na banda. Usipashie kwa maganda ya korosho ingawa yamejaa kila mahali kwetu, maana mafuta yake yanababua ngozi na moshi wake unawasha macho na koo.

Themostati ya kuwasha na kuzima pampu, kichwa chake kiweke chini ya zulia kati ya mstari wa pili na wa tatu, na uipange kwenye nyuzi 34. Washa sakafu siku moja kabla ya vifaranga kufika. Tandaza maranda sentimita mbili tu, kwa sababu yakiwa mengi yanazuia joto, na upime kwa kipimajoto kilicholala juu ya maranda. Acha robo ya kinengunengu nje ya ubao ili anayeona joto apate pa kukimbilia.

Halafu watazame wao. Wakirundikana na kulia kwa sauti kali, pandisha. Wakihama ubao wakihema midomo wazi, shusha. Wakilala wametawanyika kama korosho zilizoanikwa, acha hivyo hivyo. Kila wiki punguza nyuzi tatu. Mama mdogo hupunguza Jumapili baada ya kutoka kanisani, na wakifika wiki ya nne au ya tano huzima pampu, hufungua koki ya chini na kumwaga maji yote, huosha zulia, kisha tunausimamisha ubao ukutani ukiwa na mikia yake imezibwa kwa kitambaa ili mijusi wasiingie.